Aliyefunga Breki Apande Mbele

Mume mwenzangu Ambakisye,

Salamu toka Tunduma. Bado napakua mizigo mpakani, na mgongo umechoka kuliko mwenyewe. Bibi yako huko Ileje ni mzima, amevuna maharage.

Umeuliza kama utoe mipira ya mafuta ya breki kwenye gari lako, uweke ile iliyofumwa kwa waya, ili breki isizame unapokanyaga. Ujanani, nilipokuwa gereji, nilimfungia dereva mmoja mipira hiyo kwenye lori lake la chumvi ya Ivuna. Nilikuwa nanawa mikono aliponifungulia mlango wa lori.

“Panda, fundi. Tunateremka mlima pamoja.”

“Nina kazi nyingine, kaka.”

“Na mimi nina watoto.”

Nikarudi chini ya lori na spana, nikakaza upya nati zile zile nilizokwisha kusema ziko sawa. Mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Ndipo nikapanda. Breki ilikamata vizuri, tukafika chini salama.

Weka, mjukuu wangu, ni mizuri. Ila fundi akisema tayari, mfungulie mlango wa mbele. Akiomba spana tena, usimcheke. Msubiri.

Babu yako