Ufunguo wa Pikapu ya Fundi Marhoon

Mwaka umetimia mwezi huu wa Shaabani, Baba Thabit, tangu ulipotutoka. Ulisali Adhuhuri, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya kurudi kwenye gari yako, na hukuinuka tena. Mikono yako ilikuwa na grisi mpaka kwenye kucha. Waliokuosha walisugua wakachoka, mwisho nikawatumia salamu kuwa imetosha, Mola wake anamjua kwa mikono hiyo hiyo.

Anayeandika ni Kheiria, bintiyo. Mimi Masouda, mkeo, nasema, naye anatia kalamu. Ameniomba nisikuseme vibaya, maana haya ni ya watu kusoma. Nimemwambia wewe hujapata kukasirika nikikusema. Ulikuwa ukinichekea tu na kuendelea na kazi, na hilo ndilo lililokuwa likinipandisha hasira.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne na kila tulichokuwa nacho kilienea katika sanduku moja. Garegi yako ya Unguja ilibaki, na pikapu yako ya kijani ilibaki mbele ya mlango wake. Siku ya tatu katika nyumba hii ya nje ya lango kubwa la mji, lile lililokuwa likifungwa kila usiku, nilikukuta umekaa kizingitini, unageuzageuza kitu mkononi. Nikakuuliza una nini.

"Nna ufunguo, Masouda," ukaniambia. "Sina gari tu."

Nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tuondoke kwetu. Sikujua kuwa umekusudia kweli.

Wasiotujua waelezwe kwa nini gari. Chombo kilichotuleta kilitia nanga kwanza Qurayyat. Mama yangu, Bi Mahbuba, alikuwa ametapika siku kumi na saba na nyonga yake imevunjika kwa kuangushwa na wimbi. Tulipomteremsha na kumkalisha mchangani, akaweka nadhiri mbele yetu sote kuwa mguu wake hautaingia tena chomboni mpaka aingie kaburini. Sasa, kutoka Qurayyat kuja Maskati kwa bahari ni mwendo wa siku moja. Kwa nchi kavu ni milima, na wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, zimejaa mawe, anayepita ni ngamia, na nyonga ya mama haimuwezi ngamia. Tukamwacha kwa binamu yangu Yaarub. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Wewe ukampigia magoti, ukamwambia utakuja kumchukua kwa gari. Akakuuliza gari gani, ukamwonesha ufunguo. Mama akautazama, akautia tena mkononi mwako, akasema atasubiri.

Basi ulianza na mlango. Kabla hujapata hata nati moja, ulibomoa ukuta wa uani ukaacha uwazi wa dhiraa tano. Majirani walipokuuliza unamfungulia nani, ukajibu kuwa unaifungulia gari. Iko wapi? Inakuja. Kwa miaka miwili walioingia kwa mlango huo ni mbuzi, na wakanilia kanga moja na nusu ya msala.

Bodi uliipata Ruwi. Ilikuwa pikapu kongwe ya miaka ya thalathini, na mwenyewe alikwisha kuigeuza banda la kuku. Kwa kuwa hatukuwa na kitu, ulimjengea kuku wake nyumba mpya ya udongo, nzuri kuliko yetu, kisha ukaleta bodi vipande vipande juu ya punda. Injini ya pistoni nane ilitoka kwenye lori lililopinduliwa na maji ya wadi, na mchanga wake uliutoa kwa kijiko changu cha chai. Umeme wa kuchomelea vyuma haukuwepo, kwa hivyo kila kiungo ulikipiga ribiti kwa nyundo, kimoja kimoja. Rediyeta uliiziba kwa shaba ya sufuria ya halua iliyotoboka, uliyopewa Matrah na mpishi mmoja uliyemtengenezea pampu. Injini ikishika moto, ua mzima ulinukia zafarani, na wapita njia wakiuliza nani anaoza mtoto wake.

Madigadi uliyatupa. Kifuniko cha injini pia hukukitia. Nikakwambia gari yako inafanana na mtu aliyetoka nyumbani akasahau shati. Ukasema wadi za Qurayyat zinataka moyo mkubwa na mwili mwepesi, na kuwa mimi nitaishonea kiti. Nilikishona, nikakijaza nyuzi za mtende, nikakifunika kwa doti ya kanga yangu iliyosalia. Hukupata kuniambia kuwa ni kizuri, lakini kila alasiri ulikuwa ukipangusa vumbi lake kwa kilemba chako.

Na zile nati zako. Kila uliyoifungua uliitia katika finjani, uzipange dirishani kwa mstari, na ole wake atakayezigusa. Siku aliyokuja Bi Muhsina, jirani yetu mwenye kishamba cha mitende, akanywa kahawa mpaka chini akaikuta nati. Tangu hapo akija kwetu huchungulia finjani kwanza. Hata juzi kachungulia, tukatazamana, tukalia sote wawili.

Huyo Bi Muhsina ndiye uliyempa mkanda wa feni. Ilikuwa uwashe injini kwa mara ya kwanza siku ya pili yake, nimeshapika na vitumbua. Akaja kusema mkanda wa pampu yake umekatika na maji hayapandi. Ukauvua wa gari, ukaenda kumfungia. Mkanda mwengine uliupata baada ya miezi mitatu. Niliponuna, ukasema mitende haiwezi kusubiri, sisi tunaweza. Nilinuna vivyo hivyo, na vitumbua nikawapa watu wengine.

Lakini lililonishinda kabisa ni kitasa cha kuwashia gari. Swichi uliyoipata ilikuja na ufunguo wake mzima, ungeitia tu ukawasha. Wewe ukautupa ufunguo huo. Ukakifungua kitasa, ukakaa na kitupa kidogo cha kusugulia chuma na vipande vya shaba, ukawa unachonga vijiti vya ndani ili kikubali ufunguo wa Unguja. Wiki tisa. Mafundi wa Matrah walikuja kukutazama wakarudi wakitikisa vichwa, maana hata mwanafunzi anajua kuwa unachongwa ufunguo, hakichongwi kitasa. Nikakuuliza kama umeingiwa na wazimu. Ukaweka kitupa chini.

"Kila kitu cha hapa kimetutaka sisi tukizoee, Masouda," ukasema. "Na kimoja kituzoee sisi."

Siku ufunguo ulipozunguka, uliniita jikoni ukanipa niuzungushe mwenyewe. Gari ikanguruma, kuku wa majirani wakaruka ukuta, na wewe ukaiendesha kutoka ukutani mpaka mlangoni, hatua kumi na moja. Hukuipeleka mbele zaidi ya hapo. Zama zile gari haiingii njiani bila ya ruhusa ya serikali, na ruhusa hukuwa nayo.

Hapo ndipo ulipokosea, na nitalisema. Ulipeleka maombi, karani akakuuliza gari imekuja na meli gani. Ukamjibu kuwa haikuja na meli, umeiunda uani. Hakuamini, akamtuma askari aje aitazame. Na wewe, Baba Thabit, mtu mzima mwenye akili zako, ulikuwa umeifunga nyuma sahani yenye nambari ya pikapu yako ya Unguja, umeipaka rangi nzuri, herufi na tarakimu zote, kwa sababu ulisema gari isiyo na nambari yake ni kama mtoto asiye na jina la baba. Askari akaiandika. Maombi yakarudi yamekataliwa: gari ya kigeni, iliyoingia bila ya kupita forodhani. Tulimtuma hata mzee wa mtaa akaeleze, asisikilizwe. Neno likishaandikwa halisikii tena.

Wiki ile ile alikuja Thani, mwenye shamba kubwa la Ruwi, anataka ile injini ya pistoni nane avutie maji. Nami nikakwambia nililokwambia. Nilisema miaka mitano umekaa uani unapigia nyundo ndoto, na kuwa mama yangu atakufa Qurayyat anasubiri banda la kuku. Nikakwambia mpe Thani injini yake, tupate nafasi ya kuanika nguo. Hukupaza sauti. Ulifuta mikono, ukaniuliza neno moja tu.

"Na mama atakujaje?"

Nikaingia ndani. Thani ulimrudisha kwa upole na kahawa. Miezi mitatu baadaye ulitutoka, na mimi nilikuwa bado sijakuomba radhi. Nakuomba leo, mbele ya wote wanaosoma. Nilikosea, mume wangu.

Thani alirudi nikiwa katika edda. Alisimama nje ya pazia, akatoa pole, kisha akauliza habari ya injini kwa adabu zote. Nilimjibu kuwa injini ina safari. Akauliza safari ya wapi na mwenyewe hayupo. Nikamwambia mwenyewe ameshaifanyia kila kitu, imebaki kwenda tu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwa uzi mweusi, na ulikaa hapo miezi minne na siku kumi za edda, na hata baada yake.

Mama hatukumwambia. Moyo wake ni mbovu, na Yaarub aliapa kuwa habari hiyo itamuua. Kila mara akimwuliza Yaarub gari ya Marhoon imefika wapi, alijibiwa kuwa bado unachonga kitasa. Mwaka mzima mama ameambiwa unachonga kitasa. Alikuwa akicheka, akisema mkwe wangu huyo, hata mlango wa pepo atautengenezea bawaba kabla ya kuingia.

Kisha ukaja mwezi wa Julai, nchi ikapata mtawala mpya, na mambo yakafunguka ambayo hatukudhani tutayaona. Lango halifungwi tena na watu wanarudi kutoka kila pembe. Mwanao Thabit alirudi kutoka kazini Kuweti, fundi kama wewe, na ndevu kama zako. Alizunguka gari mara mbili, akapapasa ribiti zako kwa kidole, moja moja, kisha akaenda kukaa nyuma ya kisima peke yake. Ruhusa aliipata asubuhi moja tu. Karani hakuuliza meli. Nilivua uzi shingoni nikampa ufunguo, na gari iliyokaa kimya mwaka mzima ikawaka tena.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda Qurayyat, Thabit kwenye usukani na mimi ubavuni mwake juu ya kanga yangu. Nilikuwa na khofu ya milima, lakini khofu kubwa ilikuwa ya kufika. Njia nzima tulishauriana tumwambie mama vipi. Tukakubaliana tumwambie una homa, kisha tumfikishe Maskati, kisha pole pole. Katika wadi ya mwisho mipira ilizama mchangani mpaka nusu. Thabit akakanyaga, injini yako ikanguruma ngurumo ile ya uani, na mwili mwepesi ukatoka wenyewe. Nikasema kwa sauti kuwa ulisema kweli. Thabit akadhani namwambia yeye.

Mama aliisikia kabla ya kuiona. Tulimkuta amesimama mlangoni kwa Yaarub na mkongojo wake, amevaa kanga mpya, uso wote unacheka. Thabit akazima gari, akachomoa ufunguo, akashuka nao mkononi kwenda kumbusu. Mama hakumtazama usoni. Alitazama mkono. Kicheko kikaondoka taratibu.

"Marhoon angekuwa hai," akasema, "ufunguo huo asingempa mtu."

Hatukuwa na homa ya kumsimulia tena. Yaarub alikimbilia kumshika, mama akamzuia kwa mkono. Alikaa chini pale pale kizingitini, akakulilia kama anavyoliliwa mtoto wa kuzaa, akasema tumemdhulumu mwaka mzima wa kukuombea dua. Ni kweli, na hilo pia tunakuomba radhi. Moyo wake, tuliouogopea sisi, haukumuua. Alipomaliza alijipangusa kwa upindo wa kanga, akanyoosha mkono.

"Nipandisheni," akasema. "Alisema ataniletea gari, na gari kaileta."

Mama yupo nasi sasa. Chumba alichokitaka ni kile kinachotazama uani, na kila alasiri hupangusa kiti kama ulivyokuwa ukikipangusa. Ile sahani yenye nambari ya Unguja, iliyotuponza, Thabit aliifungua kwa amri ya serikali, na mama ameichukua kaitundika juu ya kitanda chake. Finjani zako ziko dirishani na nati zake, hakuna aliyezigusa.

Ijumaa hii baada ya Alasiri tutakusomea hitima nyumbani, na mlango wa dhiraa tano utakuwa wazi kwa kila aliyekujua, mbuzi wakiwemo.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Masouda, wanao Thabit na Kheiria, mkweo Bi Mahbuba, shemegi yako Yaarub wa Qurayyat, Bi Muhsina na mitende yake, na kila ambaye pampu yake bado inapandisha maji. Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema. Kukusahau hatukuwezi, wala hatutaki kujaribu.

Gari tunayo, Baba Thabit, na ufunguo tunao. Hatuna wewe tu.