Kwa Baba Sabina, Aliyelipaka Ziwa Rangi

Mpendwa Baba Sabina,

Anayeandika ni Sabina mwenyewe, mwanao, maana mimi na kalamu unajua tangu zamani hatujuani. Yeye sasa ana wajukuu. Nimemwambia aandike kila neno asiruke, na ukurasa ukiisha anisomee, kwa sababu simwamini. Amecheka. Andika na hilo, Sabina, kwamba umecheka. Barua hii nataka isomwe redioni, na yule wa redio aliyesema hawasomi barua wanazoandikiwa marehemu nimemuuliza, nani amekuambia ni marehemu?

Ndiyo shida yenyewe hiyo. Jumapili hii wanataka jina lako lisomwe kanisani pamoja na majina ya wafu. Sabina na katekista walikaa wakakubaliana, mimi nikaletewa habari imeshaiva. Na ndugu zako wa Bugarama wanakuja kumaliza msiba, wanasema mtu hawezi kukaa msibani miaka arobaini na ushee. Mimi nasema siwezi kumaliza kitu ambacho sijui kama kilianza. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya watu wote: ulikufa, au uliniacha?

Wacha nianzie ziwani. Mimi msichana wa Nyarubungo, ziwa nilikuwa nalisikia tu. Enzi zile za kuhamishiwa vijijini tukapakiwa kwenye lori, sisi na kuku na kinu, tukashushwa ufukweni. Biharamulo yetu wakati ule, kabla wilaya haijagawanywa, ilikuwa bado inafika mpaka majini. Nikayaona yale maji, nikasema haya hayana ng'ambo, na kitu kisicho na ng'ambo mimi sikiamini. Wewe ulisimama ukasahau hata kushusha mizigo. Kuku mmoja alitoroka pale. Sijui alichukuliwa na nani, ila namhisi yule mama aliyekuja kutupa pole haraka haraka.

Ulikuwa na lile kopo bapa la rangi ulilopewa na padri huko Ngara, ulipokuwa kijana unafagia misheni. Ndani vidonge kumi na viwili, kila kimoja kama sabuni iliyobaki kipande. Asubuhi unachota maji ya ziwa kwa bakuli langu, lile lenye maua, unalowesha karatasi yote kwanza. Nikasema huyu kachanganyikiwa, anaifua karatasi. Halafu brashi unailamba ichongoke. Mpaka saa nne ulimi wako bado wa bluu.

"Ziwa lina rangi gani?" uliniuliza siku moja.

"Rangi ya maji."

"Angalia vizuri, Mama Sabina."

Nikaangalia. Huku kwenye mafunjo lilikuwa kama majivu, katikati kama kifua cha njiwa, na kule visiwani lilikuwa limelila jua lote. Ulilitazama ziwa mpaka macho yakakutoka machozi. Nikaona wivu, maana mimi hukuwahi kunitazama hivyo. Nikajiambia, mwanamume anayeamka mapema namna hii ana lake.

Kijiji nacho kilisema. Kile chuma cha kuitia watu shamba la ujamaa kikigongwa, wewe bado uko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Balozi wetu wa nyumba kumi, yule Msukuma asiyeshikiza mdomo, akapita na jembe begani. "Baba Sabina! Wenzako wanapalilia pamba, wewe unalipaka ziwa rangi. Kwani lilikuambia limechujuka?" Watu hoi kwa kicheko. "Kupe wewe, unanyonya jasho la wenzako!" Ukamjibu, "Balozi, na mimi napalilia. Napalilia macho." Mimi nilinuna mbele yao, nikaenda kuchekea jikoni.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Unakumbuka mtoto wetu wa kwanza, kabla ya Sabina, hakukaa. Ndugu zako wakanong'ona kwamba huyu mwanamke ana mkono mbaya. Uliwanyamazisha. Lakini mtu anaweza kunyamazisha wenzake huku moyoni anawaitikia, na mimi nilikuwa nakupima kila siku.

Basi asubuhi moja nakuja kuteka maji, Sabina mgongoni, nakusikia upande wa pili wa mafunjo unaongea na Mwalimu, yule kijana wa shuleni aliyetaka umfundishe kuchora. Kiswahili chako cha Bugarama, kila kitu wewe unakiita huyu, hata jiwe. Ukasema: "Mwanga huyu lazima aachwe. Usimguse. Ukimgusa mara moja tu, umeharibu yote."

Mwalimu akauliza, "Na hutajuta?"

"Nilijuta siku ambazo sikumwacha," ukasema, na ukacheka.

Mimi Kiswahili nimejifunzia sokoni. Sokoni mwanga ni mchawi, yule anayezunguka uchi watu wakiwa wamelala. Ule wa jua mimi nauita mwangaza, mpaka leo. Nikasimama na ndoo yangu miguu ndani ya maji. Nikaelewa kwamba mchawi ni mimi, na kwamba naachwa.

Mwingine angeuliza. Mimi ningeulizaje? Mtu akishakuita mwanga, ukimuuliza kakujuaje ndiyo umejishitaki. Nikaenda kwa balozi. Siku zile vita vya nduli wa Uganda vimeanza, redio inaunguruma kila nyumba, mgeni akipita anaulizwa mpaka babu yake. Habari ya kuachwa sikuitaja, niliona aibu. Nilisema tu: "Mume wangu anachora mwalo. Anachora vilima na visiwa. Anamchorea nani?"

Balozi akaweka kata ya pombe chini. "Mama Sabina, una hakika na maneno yako?"

"Viongozi ni ninyi," nikamwambia.

Sabina ameacha kuandika. Ananitazama. Anasema, "Mama, siku zote umesema ni jirani." Ndiyo, nilisema jirani. Nilisema jirani mpaka nikaanza kumchukia huyo jirani, na hakuwapo. Andika, mwanangu, ukishaandika ndipo ulie.

Mgambo walikuja na kukuchukua na brashi yako imelowa. Picha zako zikatandazwa kwenye meza ya ofisi ya kijiji, na sisi tumebanana dirishani. Wakakuuliza, "Ramani hii ni ya nani?"

"Hiyo si ramani," ukasema. "Hiyo ni asubuhi."

Wakakuweka siku tatu. Akaja mkubwa mmoja kutoka wilayani, akazigeuza geuza, akasema ramani gani haina hata njia, mwacheni mtu wa watu. Ukarudi. Lakini kijiji kikishakupa jina hakikunyang'anyi. Watoto wakakuita Kampala. "Shikamoo, Mzee Kampala!" Na wewe unaitika marahaba kama si matusi. Ziwani hukwenda tena. Walipokuja kuandikisha watu wa kwenda vitani, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wako, na kila mtu alijua unakwenda kufuta nini.

Asubuhi ya kuondoka nilikufungia blanketi. Nililichukua lile zito, kumbe wewe ulitaka lile jepesi lisilochosha bega. Ukalitazama, ukanitazama mimi, ukasema: "Ungeniuliza tu."

Maneno hayo mawili nimeyatafuna, Baba Sabina, mpaka meno yameisha. Ulisema habari ya blanketi? Au ulikuwa umeshajua? Sauti yako haikuwa na hasira, na ndiyo iliyonitia shaka. Mtu haongei kwa upole vile juu ya blanketi.

Ulipokwisha kwenda, Mwalimu akaja kuomba zile picha azitundike darasani. Nikamwambia zichukue, mapicha ya mtu anayetaka kuacha mke. Akashangaa. Nikamrudishia yale maneno yenu yote kama nilivyoyasikia. Yule kijana alikaa chini kwenye kinu changu kama mtu aliyepigwa. Akafungua picha moja, akaweka kidole pale jua lilipogonga maji. "Mama, gusa hapa. Kuna rangi?" Nikagusa. Hakuna kitu, karatasi tupu. "Rangi za maji hazina nyeupe," akasema. "Mwanga haupakwi. Unapaka pembeni yake, wenyewe unauacha. Hicho ndicho alichokuwa ananifundisha."

Nikaiinua picha nikaisogeza mlangoni. Pale palipoachwa ndipo palipokuwa panawaka kuliko pote.

Nikasema atarudi, nitamwambia. Nilipanga hata namna ya kusema: kwanza nikupe chakula, halafu nikupigie magoti kabla hujanawa mikono. Vita vikaisha. Malori yakapita yamejaa watu wanaimba, mimi barabarani nahesabu sura. Akashuka mwenzako mliyetoka naye kijijini. Akasema, "Mama Sabina, Baba Sabina alibaki kule."

Nikamuuliza, "Alibaki amekufa, au alibaki amekaa?"

Akatazama viatu vyake. "Mama, vita ni vita."

Hilo ni jibu? Hakuniletea hata kifungo cha shati lako. Wenzangu waliofiwa waliitwa wilayani wakaambiwa, mimi sikuitwa. Nilimfuata tena na tena mpaka akahama kijiji, na mtu mwenye habari safi hahami. Halafu miaka mingi baadaye dereva mmoja wa malori pale Rusumo, nilikokwenda kuuza ndizi, akaniambia ameona Uganda, kwenye ukuta wa hoteli, picha za ziwa zilizochorwa kwa maji, na mchoraji ni mzee anayeongea Kiswahili cha huku. Nikamuuliza, ulimi wake ni wa rangi gani? Akaniona mwehu. Sabina anasema yule dereva alitaka tu nimpe ndizi. Inawezekana. Alizila.

Sabina anasema pia, na sasa anafuta macho kwa kitenge changu, "Mama, baba angekuwa hai angerudi kuniona mimi." Labda hukurudi kwa sababu ulikufa. Labda hukurudi kwa sababu ulijua, na ukaona mke wa namna hii dawa yake ni kumkalia mbali. Mimi katika hayo mawili, unaniamini? Naomba liwe la pili. Ukae na mwanamke wa Kiganda, uzae naye, unitukane kila siku, lakini uwe unapumua. Mke wa mtu kuomba hivyo si mchezo.

Nilimripoti mume wangu kwa neno nisilolielewa. Nimelisema, na redio ikitaka isome, isipotaka katekista atasoma, sauti anayo.

Basi nimewakubalia wasome jina lako. Kaa salama huko uliko, juu ya udongo au chini yake. Jumapili ndugu zako watakaa mbele na nguo zao nyeusi. Mimi nitakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nione nani anaingia amechelewa.

Mkeo,
Mama Sabina