Kamba ya Kilomita Saba na Nusu

Jumanne, 17 Septemba 2024

Nimerudi kutoka ofisi ya mji na bado natetemeka. Kwa hasira, si kwa uzee — niandike wazi, maana siku hizi hata nikitetemeka kwa baridi watu wanaanza kunong'ona.

Nilikwenda kuchukua fomu ya mbio za hisani za Novemba. Zile zile za kila mwaka, za kuchangia gari la kuwapeleka hospitalini wagonjwa wa figo wa vijiji vya mlimani. Dirishani alikuwa karani, Hayasaka mdogo. Kabla sijafungua kinywa akanisukumia karatasi ya bluu na kalamu. Nikavaa miwani, nikasoma. Maombi ya kubebwa na gari! Alidhani nimekuja kujiandikisha na wagonjwa.

Nikamwambia mimi ndiye ninayekimbia ili hao wabebwe. Akainama, akaomba radhi, akainama tena. Kisha akatoa nyingine. "Basi fomu ya bibi ni hii. Kilomita mbili, matembezi na wajukuu."

Sina mjukuu. Na mimi si bibi yake. Bibi yake alikuwa Masa wa duka la tofu, nilimsindikiza mpaka mwisho wake. Huyu Hayasaka nimempikia chakula cha shule miaka sita, na kila Ijumaa alikuja na sahani yake kuomba kuongezewa mchuzi. Leo bibi, mbele ya foleni nzima.

Nikadai ya kilomita kumi. Akaitoa, lakini akaigeuza nyuma, akaonyesha kwa kidole. Kanuni mpya mwaka huu: aliyetimiza miaka sabini na mitano lazima alete muhuri wa jina la mtoto wake, ule unaogongwa badala ya sahihi. Wangu hautoshi! Muhuri wangu ulinunua nyumba hii. Muhuri wangu ulimtoa mume wangu hospitalini akiwa maiti. Fomu ngapi za mwanangu Mitsue nilizigonga muhuri mimi — za chanjo, za kuogelea, za safari za shule? Sasa nina sabini na saba na nikamwombe yeye ruhusa.

Na jana tu ilikuwa Siku ya Kuheshimu Wazee. Mwenyekiti wa mtaa alileta maandazi mawili kwenye kisanduku, jekundu na jeupe. Nimempa Nezu wa jirani yote mawili.

Jumapili, 22 Septemba

Nimempigia Mitsue. Nilijiandaa, niliandika hata maneno ya kumwambia. Hayakusaidia.

Alianza na habari ya Januari. Ndiyo, nilianguka kutoka kwenye ngazi nikitoa theluji kwenye paa. Ndiyo, nililala pale chini. Nusu saa, labda zaidi kidogo, mpaka Nezu akaona sepeto langu limesimama peke yake. Lakini nilipona! Kila mwaka watu wanaanguka. Mitsue akasema kila mwaka watu wanakufa pia, tena hapo hapo mtaani kwetu, na yeye yuko Saitama, saa tatu kwa treni, na simu ikilia asubuhi na mapema moyo unamruka.

Hilo la moyo lilinigusa. Sikumwambia.

Kisha akasema kama mtu anayeuza ng'ombe, "Mama, tufanye hivi. Muhuri nitagonga. Ukimaliza kilomita kumi kabla ya muda wao kwisha, sitataja tena nyumba wala theluji. Lakini wakikupandisha lile basi, theluji ikiyeyuka unakuja kukaa kwetu. Bila mjadala."

Basi lile ni la kuokota waliochelewa. Linafuata nyuma ya mbio polepole, madirisha yamejaa watu wanaotazama magoti yao.

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno! Hasira ilisema kwa niaba yangu. Nimekimbia mbio hizi miaka kumi na moja kwa raha yangu, nikipiga soga njiani na kula vipande vya machungwa kila meza. Sasa nakimbilia jiko langu, bafu langu, mlango wangu.

Alhamisi, 26 Septemba

Bahasha imefika. Muhuri wa Mitsue umekaa katikati ya duara, mwekundu, umenyooka sana. Mtoto wangu hafanyi kitu nusunusu. Nimejaribu kuchukia na nimeshindwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kilomita nane na Nezu, hadi daraja na kurudi. Saa moja na dakika kumi na moja. Sina la kujivunia, lakini kwa mwendo huo nafika.

Nezu ana miaka sitini na mitatu na magoti mabaya kuliko yangu. Alistaafu ushirika wa wakulima na tangu hapo ananifuata kila asubuhi akilalamika. Nilimweleza ule mkataba wa Mitsue. Aliacha kukimbia kabisa, akasimama katikati ya mashamba yaliyovunwa, akaniuliza nani ataweka dau la nyumba kwenye mbio zenye zawadi ya taulo.

Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini.

Akasema maini sawa, yeye alikuwa anauliza kichwa. Mshenzi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 5 Novemba

Barua kutoka kwa waandaaji, na hasira imenipanda hadi kwenye nywele.

Mosi. Wakimbiaji wa sabini na mitano kwenda juu wataanzia nyuma kabisa, nyuma ya kila mtu, "ili wasisukumwe." Watu elfu moja na mia mbili mbele yangu! Na vizuizi vinahesabu tangu bastola ilie, si tangu mtu avuke mstari. Kila dakika nitakayosimama nyuma nikisubiri kundi lisogee ni dakika yangu inayoliwa. Kizuizi cha kilomita saba na nusu wanafunga saa moja na dakika nane baada ya bastola. Mbele yake hakuna kingine. Ukipita hapo hata kutambaa unafika.

Pili. Ndani ya bahasha kulikuwa na mshipi wa rangi ya waridi wa kuvaa begani, umeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba mimi ndiye mkimbiaji mkongwe wa mwaka. Wanataka niuvae nikisimama jukwaani.

Nimempigia Hayasaka. Nikamwambia heshima gani hii inayonirudisha nyuma dakika tatu halafu inanivisha kitambaa. Akajibu kwa upole kwamba ni kwa usalama wangu. Nikasema niwekeni na watu wa mwendo wangu, basi. Akasema kanuni. Nikamwuliza kanuni imetungwa na nani. Akasema kamati. Nani kwenye kamati? Akaniomba radhi. Kumbe na yeye yumo.

Mshipi nimeufungia figili. Zinaning'inia ukumbini zikikauka, zimependeza.

Jumamosi, 16 Novemba

Mitsue amefika kwa treni ya saa nane. Ameleta keki ya kokwa za chestnut na picha kwenye simu. Chumba cha upande wa jua, sakafu mpya. Pazia tayari zimetundikwa! Mbio ni kesho, pazia zimetundikwa leo!

Nikamwuliza kama na jina langu ameshabandika mlangoni. Akasema, "Mama, nilizinunua mwezi wa Februari. Wewe ulikuwa bado una bandeji." Nikaenda kuosha mchele ambao ulikuwa umeoshwa.

Baada ya chakula aliona kucha za miguu yangu, mbili nyeusi kwa mazoezi. Akaleta gazeti, akalitandaza, akaniweka mguu kwenye paja lake, akanikata kucha zote kumi polepole, kama nilivyokuwa nikimkata yeye. Nilitaka kulia. Nikamkaripia kwamba anakata fupi mno.

Anataka nishinde? Anataka nishindwe? Sijui. Nadhani hata yeye hajui.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, kilomita saba na nusu. Daftari hili hunifuata kiunoni, huwa naandika humu muda wa kila kilomita. Nimewaambia nafunga viatu. Kila mtu anaona sifungi viatu.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapiga mtu.

Bastola ililia saa tatu kamili. Nezu alikuwa amepangwa katikati, lakini nilipogeuka nikamkuta ubavuni kwangu, nyuma kabisa. Nikamfukuza. Akasema huko mbele hakuna wa kumtukana, atasinzia. Tukasimama. Mtangazaji akasoma jina langu na umri wangu kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na saa ikawa inakwenda! Tulivuka mstari dakika tatu na sekunde ishirini baada ya bastola. Nilizihesabu.

Nilikimbia vizuri. Hilo lazima liandikwe. Sikugusa meza hata moja, sikula chungwa, sikumsalimia mtu. Kilomita ya nne kuna mwinuko wa kwenda hekaluni, nikaupanda bila kutembea. Mbele ya shule watoto walinipigia ngoma, sikuwatazama hata mmoja. Mbio za raha! Nezu alianza kuchechemea kwenye ya sita. Nikampunguzia mwendo kidogo, akanitukana, nikaongeza, akajikokota ubavuni kwangu.

Tumefika hapa, kwa saa yangu, kwa saa moja, dakika tano na nusu tangu mstari. Nimepita! Nimewahi kwa dakika mbili na nusu! Lakini kwa saa yao kubwa ya njano ni moja, nane na hamsini. Sekunde hamsini. Kamba imeshavutwa toka upande hadi upande, na anayeishika ni nani? Hayasaka. Kavaa koti la kijani la kamati, kainama mpaka kofia imeanguka.

Kidogo nimpigie kelele. Nikavuta pumzi. Nikamwonyesha saa yangu. Akaitazama kwa heshima zote, akasema anaelewa kabisa, kanuni ni bastola. Nikamwambia nyinyi ndio mlioniweka nyuma. Akasema anaelewa hilo pia. Anaelewa kila kitu mtu huyu!

Basi lilikuwa tayari limesimama, mlango wazi. Wakamtoa Nezu kile kidubwasha cha kuhesabia muda kwenye kiatu, akapanda. Mimi nikainama nitoe changu. Nilikuwa nimeshakubali, nadhani. Nilikuwa nawaza sufuria zipi nitazigawa.

Hayasaka akatazama kushoto na kulia. Akainua kamba. Si juu sana, kiasi cha mtu wa urefu wangu kupita akiinama.

"Bibi Kanbe, wewe pita tu," akasema chini chini. "Kwa umri wako hakuna atakayesema kitu."

"Na Nezu?"

"Bwana Nezu ana sitini na tatu."

Ndipo nikakaa chini.

Maana tazama. Nezu aliacha nafasi yake ya katikati akaja kusimama nyuma kwa ajili yangu. Angeanzia kwake angekuwa amepita zamani, hata kwa magoti yale. Tumefika hapa bega kwa bega, yeye ndani ya basi, mimi nainuliwa kamba kama kuku mgonjwa. Na kanuni ile ile iliyokuwa chuma nilipoonyesha haki yangu imegeuka uzi nilipoonyesha mvi! Kama wangenipa zile dakika zangu tatu nisingehitaji huruma ya mtu. Nilitaka kupita. Sikutaka kupitishwa.

Lakini ng'ambo ya kamba hii kuna kilomita mbili na nusu, na mwisho wake kuna nyumba yangu. Mlango wangu. Niandike ukweli, daftari halina masikio: naitaka.

Nezu kafungua dirisha la basi. Ananiambia nisiwe mjinga, nyumba ni nyumba, nipite, yeye atakuja kunywa chai humo humo. Dereva anatazama saa. Akina mama wawili waliookotwa kabla yetu nao wananihimiza, pita bibi, pita, kwa sauti za kumbembeleza mtoto anywe dawa. Hayasaka bado ameshika kamba juu. Naona machoni mwake kwamba hanidharau. Ananiombea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana nikimwangalia vizuri namwona na sahani yake.

Simu inalia. Mitsue. Yuko kwenye mstari wa mwisho, na simu yake inamwonyesha kila mkimbiaji anapopita kizuizi. Sauti yake nyembamba, inakwenda mbio kuliko mimi. Hakuuliza kama nimechoka. Hakutaja basi.

"Mama, hapa alama yako imesimama kwenye saba na nusu, haisogei. Umepita au hukupita?"

Nimemwambia asubiri kidogo, naandika.