Mpira Mmoja Niliouhurumia

Jumapili jioni, Katindo

Tatu bila, tumeshinda! Tungefungwa leo, tungeshuka daraja.

Niandike kabla moyo huu haujasimama. Volkano ilipofunika kiwanja chetu kwa mawe makali, tulibaki na mpira mmoja. Vita vilikuwa vimefunga barabara, mwingine usingefika. Wakati huo kocha nilikuwa mimi, nikawakataza wachezaji kupiga kwa nguvu. Niliwaambia ndiyo mbinu ya kisasa: pasi fupi, mpira uingie golini ukitembea. Ukweli ni kwamba niliogopa utapasuka.

Barabara zikafunguka, mipira ikaja, nami nikaona aibu kujisahihisha. Kwa miaka tulifungwa kwa sababu ya aibu yangu.

Furaha, nahodha wangu wa zamani, ndiye kocha sasa. Ametundika nyavu za wavuvi wa Vitshumbi nyuma ya magoli ili mipira isifike kwenye mawe, na vijana wanapiga mashuti kila siku mpaka giza.

Baada ya mechi nilimwambia yote.

"Papa, kumbe ulikuwa unahurumia mupira, hapana sisi?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawaita wachezaji. "Mukuye! Muzee iko na neno ya kuwaambia."

Nikarudia mbele ya wote. Golikipa wetu akasema, "Muzee, na mbinu yako, kipa ya wale angelala usingizi leo!"

Wote wakacheka, na kicheko hicho kimenitua mzigo.

"Kesho ukuye mazoezi," Furaha akaniambia. "Utapiga shuti ya kwanza. Kwa nguvu."

Nitapiga, hata mguu wenyewe ung'oke uingie golini na mpira.