Mabaharia wa Ukutani

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimeanika magazeti uani, kama kila Jumatatu. Mende wamekula pembe za matoleo mawili. Ni magazeti yenye picha za manowari za wakati wa vita vya Mjerumani, vile vya 1914. Matoleo ya mwaka mzima ninayo, isipokuwa karatasi ya katikati ya toleo moja. Nimeitafuta miaka mingi kwenye meza za magazeti makuukuu hapa Kariakoo. Athumani, muuzaji, amenitania tena: "Mwalimu, manowari yako imekwishafungiwa karanga." Sikucheka. Hatujazoeana kiasi hicho.

Jumanne, 8 Machi
Bwana Afya ameleta notisi. Vyumba vyote vya nyumba hii vipakwe chokaa kabla ya Jumatatu. Bi Mwanaidi, mjane anayepanga chumba kinachokabili changu, aliniita nimsomee. Sikuwa nimewahi kuingia kwake. Ameziba kuta kwa magazeti, kama wapangaji wengi. Juu ya kitanda nikaiona karatasi yangu. Wapiga makaa, wale wa kulisha moto wa meli, wamejipanga mstari sitahani, nyuso nyeusi kwa vumbi, na nambari ya toleo chini.
Nilimaliza kusoma notisi, nikatoka.

Jumatano, 9 Machi
Nimeiomba. Amekataa, kwa adabu. Mumewe, marehemu Saidi, alikuwa mpiga makaa melini. Alizama katika vita vya juzi, akiwa na miaka thelathini na mitano. Katika likizo yake ya mwisho aliibandika karatasi ile kwa mkono wake, akamwonyesha mtu wa pili kutoka kushoto. "Ndiye mimi huyu." Hana picha nyingine ya mumewe. Kila asubuhi humsabahi.
Nimekasirika. Anaishi na kitu asichokijua, nami ninayekijua sinacho.

Alhamisi, 10 Machi
Mwenye nyumba hakubali ukuta hata mmoja uachwe. Chokaa Jumapili asubuhi. Nikarudi kwa Bi Mwanaidi, nikitumaini. Amesema ni afadhali chokaa ipite juu yake. "Atakuwa yumo ndani, Mwalimu. Nitajua yupo."
Karatasi nzima, kuzikwa chini ya chokaa. Nimezunguka uani kama mgonjwa.

Ijumaa, 11 Machi
Nimemwambia. Baada ya sala, mlangoni pake. Picha ile ni ya vita vya Mjerumani. Wakati ule Saidi alikuwa mtoto, hata jandoni hajaingia. Mtu yule hawezi kuwa yeye.
Aliugeukia ukuta. Kisha: "Kwa hiyo alinidanganya?"
Nikajibu kwamba sikusema hivyo. Nilisema tu picha si yake.
"Na mimi nimekuwa nikimwamkia nani?"
Akasema nije niichukue.
Nilisema kweli tupu. Nalirudia hilo moyoni tangu alasiri, wala halinitulizi.

Jumamosi, 12 Machi
Maji ya uvuguvugu, kitambaa, kisu butu. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano, imeshika sana. Nilianzia pembeni, nikavuta polepole. Kazi ya asubuhi nzima. Imetoka bila kuchanika. Bi Mwanaidi alikaa kizingitini akichagua mchele, mgongo kwangu. Hakugeuka hata mara moja.
Wakati wa kutoka nilimwambia karatasi itakuwa kwangu, karibu tu, aje kuitazama apendapo.
"Nije kumtazama nani, Mwalimu?"
Akaendelea na mchele wake.

Jumapili, 13 Machi
Wapaka chokaa wamekuja mapema. Nilifunga mlango.

Jumatatu, 14 Machi
Mvua tangu alfajiri. Sikuanika kitu.
Bi Mwanaidi alipita na ndoo. "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Zamani alikuwa akisimama, tukaulizana hali.
Nimeishona karatasi mahali pake, kwa uzi mweupe. Mwaka wa matoleo umetimia. Nilidhani nitafurahi. Nikaufunga kitambaani, kisha nikaufungua tena, kwa kuwa chumba kizima kilinukia ubani. Ni karatasi ile. Imefukizwa miaka yote chumbani mwake.
Nimefungua dirisha. Bado inanukia.