Jina Ambalo Sikuliuliza

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Durban. Bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua. Umeniuliza kwa nini niliacha kazi ya gazeti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baridi ikianza kuisha, kiwanda kimoja kiliungua mtaa wa Jacobs, na Mkongomani mmoja aliyefanya kazi humo akafa. Gazeti lilinituma matangani, mtaa wa Berea, nikamuuliza mjane wake habari za moto na watoto. Katika habari yangu nikamwandika marehemu "mkimbizi mmoja" tu.

Gazeti lilipotoka, mjane alinifuata ofisini.

"Papa, bwana yangu alikuwa na jina. Juu ya nini haukuniuliza?"

Akanitajia: Kasongo. Nilimwomba mhariri tulichapishe jina hilo; akasema habari imeshapita, nami sikumbishia. Nilisikia baadaye kwamba yule mama alinunua gazeti letu kila wiki mpaka Krismasi, akilitafuta jina hilo. Mwaka mpya ulipoanza, niliacha kazi.

Babu yako anayekupenda.