Kiti cha Abiria

Kwako dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima, na uzima ninaousema si ule wa kwenye simu, ambapo kila ukiulizwa unajibu sijambo huku sauti imekukauka. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua kama kawaida, mdomo haumsumbui kabisa. Wanangu wawili wabusu kwa niaba yangu. Mimi pia sijambo, isipokuwa jicho la kulia limefumba, mdomo umepasuka, na upande mmoja wa kichwa hauna nywele. Nitafika huko. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kulia au kunitukana.

Jumatatu mumeo alileta gari gerejini kwetu. Nilishangaa, maana tangu akuoe hajawahi kukanyaga pale. Huwa anasema kushona viti vya magari si kazi ya mwanamke, nami huwa namjibu kwamba basi na yeye asivikalie. Siku hiyo alikuwa mkunjufu ajabu. Aliniita shemeji, shemeji, mpaka nikageuka kuangalia kama mkoba wangu bado upo. Alisema viti vya ngozi vimekauka na kukakamaa, eti jua la pale anapoegesha kazini limeviharibu, na kwa kuwa anataka kuliuza gari, nivilainishe juu juu tu, nisifungue chochote.

Ngozi huwa naishika kwanza, unanijua, bila glavu. Nikapitisha kiganja kwenye kiti cha dereva: laini, kimechakaa kidogo tu mahali pa kukalia. Cha nyuma, hivyo hivyo. Cha abiria kilikuwa kigumu kama ubao, kimepasukapasuka, na ugumu wenyewe ulikuwa upande wa mlangoni, kuanzia pa kuegemeza kichwa kushuka hadi begani. Nikamuuliza fundi wa rangi, yule rafiki yangu mrefu, ni jua gani hilo linalochagua kiti. Akacheka, akasema labda jua lilipanda kama abiria na likalipa nauli. Nikacheka na mimi. Sitaki kukumbuka kwamba nilicheka.

Ngozi iliyokauka haitaki haraka. Ukiimwagia mafuta juu ya uchafu, unaufungia uchafu ndani na inazidi kupasuka. Unafuta vumbi kwanza, halafu unapitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni isiyo kali, unaiacha ikauke kivulini, ndipo unapaka mafuta, kidogo kidogo, kwa kiganja, unaiacha inywe, kisha unarudia. Basi kitambaa kilipogusa kiti kile, harufu ikanipanda puani: dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa ile inaikausha ngozi hadi roho. Anayesugua kiti cha ngozi kwa dawa hiyo ni mtu mwenye doa asilotaka lionekane, na mwenye haraka.

Nikaendelea kupaka. Ngozi ikalegea, mipasuko ikafunguka, na ndani yake nikaona weusi mwekundu ambao si rangi ya kiti. Mumeo aliniambia nisifungue chochote, kwa hiyo nikafungua. Nilichukua mswaki mkuukuu ninaosafishia mishono, nikauingiza kwenye uwazi kati ya kikalio na mgongo wa kiti, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikakivuta. Lilikuwa jino.

Jino la mbele, dada. Limemeguka pembeni, pale pale ulipolimegua ukifungua soda kwa meno kwenye harusi ya mjomba, mama akakufinya mbele za watu. Nilikaa chini, sakafuni, kwenye madoa ya oili. Ulituambia uliteleza bafuni likang'oka. Mama alikuuliza, akarudia kukuuliza, ukaapa, ukatuletea mpaka ndala iliyokatika tuione. Tuliamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Hilo linaniuma kuliko jicho.

Mumeo alipokuja kulichukua gari, nilimwambia kiti cha abiria kimelainika, akae ajaribu mwenyewe. Akasita. Nikambembeleza kwa sauti tamu ambayo hata sikujua ninayo. Alipokaa, nikasimama mlangoni na kufungua kiganja mbele ya pua yake. Hakuuliza ni nini. Laiti angeuliza, labda ningepata hata chembe ya shaka. Alianza kunieleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba wewe ndiye uliyemchokoza, kwamba hakukupiga kihivyo, ulijigonga mwenyewe kwenye dirisha. Kisha akanyoosha mkono alichukue.

Nikalitia mdomoni.

Hapo ndipo alipoanza. Alinikamata nywele, akanivuta ndani, akanigonga uso kwenye dashibodi, akawa ananiamuru niliteme. Kila alipoamuru alinigonga tena. Mashine ya rangi ilikuwa inanguruma uani na hakuna aliyesikia. Alinitia vidole mdomoni, nikaving'ata mpaka akalia kama mtoto. Damu ilinijaa kinywani, yangu na yake, na jino lako nililibana shavuni kwa ulimi. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba hivi ndivyo ulivyokaa na wewe, kiti hiki hiki, na nyumbani ukatuambia habari za bafuni.

Mashine ikazimika. Mumeo akasikia nyayo za fundi wa rangi, akaniachia, akaweka kiganja juu ya kikalio ajiinue atoke. Sindano ndefu ya kushonea ngozi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Niliishindilia katikati ya kiganja chake, ikapita, ikazama kwenye kiti. Ile ngozi kavu ya Jumatatu ingeikataa. Hii niliyoilainisha iliipokea mpaka mwisho. Fundi wa rangi alitukuta hivyo, mumeo amebandikwa na anapiga mayowe, mimi nikitabasamu kwa meno mekundu. Anasema hajapata kuogopa vile maishani.

Sasa dada, sikiliza. Barua hii naiandikia hapa kwenye kituo cha polisi, sakafuni, kwa kalamu ya kuazima. Mumeo amewaambia nilimvamia kwa sababu nina kichaa. Mimi nimewaambia ukweli mtupu: kwamba alikuwa ameshaniachia nilipomchoma, na kwamba nilitaka kumchoma. Askari mmoja alinishauri niseme nilikuwa najitetea. Nilikataa. Uongo wa familia yetu umeshatosha.

Jino nililitema mezani kwao. Lipo kwenye bahasha. Mumeo amesema halijui, labda ni la abiria fulani aliyewahi kumpa lifti. Wakaniuliza mimi ni la nani. Sikujibu. Mama alipokuuliza ulikana, na nikikutaja mimi unaweza kukana tena, kisha wao watafunga faili na yeye atarudi nyumbani akiwa na mkono mmoja mzima. Huo mmoja unamtosha.

Wanamshona hospitali, kesho wanamruhusu. Sikukupigia simu kwa sababu simu yako anapokea yeye. Aliyekuletea barua hii ni fundi wa rangi. Usimwogope kwa urefu wake. Atasubiri barabarani na gari la gereji mpaka utoke na watoto, au utoke kumfukuza. Sitakulaumu kwa lolote, ingawa kukasirika nitakasirika, unanijua.

Mama anajua yote. Ameketi nje ya kituo tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza mdomo wake umenyamaza. Nisalimie wanangu. Jitunze, dada, hata kama ni kwa usiku huu tu.

Bahasha ipo mezani, na hawajaandika jina juu yake. Njoo uwaambie ni la nani, kwa kinywa kile kile lilikotoka.

Wako mdogo akupendaye,
Kiberiti